Msituambie Tupumzike, Tulipeni Kwanza

 

Leo tuna jambo la kusema, na tutalisema bila kumung'unya maneno.

Siku hizi mwanamke anayeandika kwa kujitegemea hupewa ushauri mmoja tu: ajitunze. Anywe maji mengi. Ajipake liwa, afukize udi. Azime simu saa tatu usiku. Atembee ufukweni jioni. Yote hayo ni mazuri, na hatuna ugomvi na liwa wala udi, maana ndivyo tulivyolelewa. Ugomvi wetu ni na dhana inayopitishwa chini kwa chini, kwamba mwandishi amechoka kwa sababu hajui kuishi. Sisi tunajua kinachotuchosha. Ni kazi isiyo na mkataba, malipo yasiyo na tarehe, na wiki isiyo na mwisho. Hakuna liwa inayotibu deni.

Tunaandika haya kutoka Mtwara. Wengine wetu tunaishi Shangani na Chikongola, wengine Mikindani, na mmoja wetu huvuka maji kutoka Msangamkuu kila anapotaka kuchapa kazi mjini. Kuna waliozaliwa Unguja na Mafia wakaletwa huku na ndoa. Kinachotuunganisha ni kazi: tunaandika vitu vya kufundishia. Maswali ya marudio, hadithi za vitabu vya ziada, miongozo ya walimu, masomo ya redio, vitabu vya madrasa, vipeperushi vya afya kwa wanafunzi. Hatuna mwajiri. Tunapigiwa simu, tunapewa kazi, tunaikamilisha, kisha tunasubiri. Kusubiri ndiko kunakokula muda mwingi kuliko kuandika.

Wiki isiyo na Ijumaa

Wazee waliotupa majina ya siku walikuwa na hesabu yao. Walianza na Jumamosi, siku ya mosi, wakaenda hadi Jumatano, siku ya tano, ikaja Alhamisi, na wiki ikafungwa kwa Ijumaa, siku ya kukusanyika na kumkumbuka Mola. Wiki ilikuwa na kichwa na mkia.

Ya kwetu haina. Jumamosi unaingia ujumbe kwamba mswada unatakiwa Jumatatu. Jumapili tunaandika. Jumatatu tunatuma, na Jumanne unarudi na marekebisho ambayo hayakuwamo katika maelekezo ya mwanzo. Jumatano umeme unakatika, tunakimbilia kwa jirani mwenye sola kuchaji kompyuta. Alhamisi bando limeisha. Ijumaa, wenzetu wanapopakua pilau baada ya sala, mtu anapiga simu akitaka "kitu kidogo tu", maswali kumi ya nyongeza, bila malipo, kwa kuwa ni kidogo. Katikati ya hayo kuna uji wa asubuhi, kuna watoto wa kuandaa kwenda shule, kuna samaki wa kununua Feri kabla jua halijawa kali, kuna mgonjwa wa kupelekewa chakula hospitali ya Ligula.

Tulinganishe na sheria ya nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiriwa asifanye kazi ya kawaida zaidi ya saa 45 kwa wiki, wala zaidi ya siku sita. Inampa angalau saa 24 za mapumziko kila wiki. Inampa siku 28 za likizo kwa mwaka, na mwanamke akijifungua anapata siku 84 za likizo ya uzazi zenye malipo. Mwandishi wa kujitegemea hana hata moja kati ya hizo. Akijifungua, anaandika akiwa bado kwenye arobaini, kwa sababu akikataa kazi moja, nambari yake inafutwa kwenye simu ya mhariri. Kwa hiyo anayemwambia mwanamke huyo "jifunze kupumzika" na asimwambie apumzike kwa pesa gani, anamfanyia mzaha.

Korosho ina stakabadhi

Sisi tunaishi kwenye nchi ya korosho, basi tuzungumze korosho. Tangu msimu wa 2007/2008, mkulima wa huku huuza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Anapeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa kwenye mizani, anapewa karatasi inayosema ameleta kilo ngapi za daraja gani. Mfumo huo una lawama zake, na wakulima wamezisema hadharani kwa miaka mingi. Lakini angalau mkulima ana karatasi mkononi. Mwezi Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wengi yakachelewa, nchi nzima ilisikia. Kila mtu alielewa kwamba mtu ametoa mali yake na hajalipwa, na kwamba hilo ni tatizo.

Hata mama anayebangua korosho kwa kilo, kazi ngumu yenye ujira mdogo, anajua jioni amebangua kilo ngapi. Mwandishi anapeleka kurasa mia moja na hana hata kipande cha karatasi kinachosema zimepokelewa. Akidai, anaambiwa mhasibu amesafiri. Akidai tena, anaambiwa mradi umefungwa. Mara ya tatu anaitwa mwanamke mwenye tamaa.

Hapo ndipo linapokuja neno tunalotaka kulipinga kwa nguvu zote, neno "thawabu".

Thawabu si sarafu ya mteja

Tumeambiwa mara nyingi: "Dada, hii ni kazi ya watoto, fanya kwa ajili ya Mungu, utapata thawabu." Cha ajabu, mchapaji haambiwi hivyo, wala muuza karatasi, wala dereva anayebeba maboksi ya vitabu. Wao wanalipwa. Ni mwandishi tu anayetumwa akadai malipo yake akhera.

Tuseme wazi. Thawabu ni baina ya mja na Mola wake. Mwanamke akitaka kuandika kitabu cha madrasa ya mtaani kwake bila kuchukua senti, ni sadaka yake, na Mungu amkubalie. Wengi wetu tunafanya hivyo na tutaendelea. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Mtu mwingine hawezi kuitoa mali yako kisha akakwambia hiyo ni sadaka yako. Huo una jina lake, na jina hilo ni dhuluma.

Na wanaotutajia dini waisome vizuri. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imo katika Suratul Baqara, nayo inahusu kuandikiana deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, na muda wake utajwe. Aya hiyohiyo inakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Tafakarini hapo. Mafundisho yetu pia yanataka mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kwa dada zetu Wakristo, kitabu cha Mambo ya Walawi kinakataza ujira wa kibarua kulala kwa aliyemwajiri hadi asubuhi. Sasa ujira wa mwandishi unalala miezi sita kwa watu wanaofungua vikao vyao kwa dua.

Wengine hutukumbusha Mwana Kupona, bibi wa mwambao wa Lamu, aliyemtungia binti yake utendi wa mafunzo mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Wanasema: mbona yeye hakulipwa? Hakulipwa kwa sababu hakuna aliyemtuma. Alichagua mwenyewe maneno yake, akamwandikia mtoto wake, na jina lake linatajwa mpaka leo. Sisi tunaandika kwa maelekezo ya mtu mwingine, kwa watoto wa taifa zima, na kitabu kikitoka jina letu halimo. Mkitaka tufanane na Mwana Kupona, anzeni na kutaja majina yetu.

Tena mila zetu zenyewe hazijui ualimu wa bure. Kungwi anayewafunda wari hupewa ada yake, na hakuna familia inayothubutu kumwambia apokee asante peke yake. Visiwani somo ana haki yake siku ya harusi. Mwalimu wa chuo cha Qur'ani alipelekewa ada yake na wanafunzi wake. Bibi zetu waliheshimu elimu, na heshima hiyo ilionekana kwenye kanga, kwenye kibaba cha mchele, kwenye fedha. Waliobuni elimu ya kulipwa kwa makofi ni watu wa juzi tu.

Anayeumia ni mtoto

Labda kuna msomaji anayefikiri haya ni manung'uniko ya watu wachache wenye kompyuta. Basi amtazame mtoto wake.

Mwaka 2013 mjadala wa vitabu vya shule vyenye makosa uliwasha moto bungeni. Kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu ilivunjwa, na kazi ya vitabu vya kiada ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwaka 2017 Bunge lilikuwa tena likijadili makosa katika vitabu vya watoto wa madarasa ya chini. Watu walicheka, walikasirika, walisambaza picha za kurasa hizo. Wachache waliuliza swali la maana: kitabu kizuri kinahitaji siku ngapi, na nani anazilipia?

Swali zuri la hisabati kwa mtoto wa darasa la tatu si jambo la kuandika huku unakoroga mchuzi. Lazima ulisuluhishe mwenyewe, mara mbili. Lazima uhakikishe lugha yake haizidi umri wa mtoto. Mtoto wa Msimbati ajikute ndani yake, na wa Newala vilevile. Lazima uangalie kama linapima ule umahiri uliotajwa kwenye muhtasari wa somo. Ukimlipa mwandishi kwa idadi ya kurasa, tena kidogo, tena kwa kuchelewa, umemwambia aharakishe. Akiharakisha, jibu la nyuma ya kitabu halilingani na swali, na mtoto aliyepata sahihi anajiona amekosa. Mzazi hatajua kamwe kwa nini mwanawe amelichukia somo.

Tunajua wachapishaji nao wamebanwa. Vitabu vya kiada vikiwa kwa Taasisi, wao wamebaki zaidi na vitabu vya ziada, na soko lake ni dogo. Hilo ni kweli. Lakini aliyebanwa anapotafuta nafuu, kwa nini kila mara anaitafuta kwenye mfuko wa mwandishi, na mwandishi huyo kila mara ni mwanamke aliye nyumbani? Ni kwa sababu wanaamini tuna mume wa kutulisha. Baadhi yetu hatuna. Wengine tunaye, na yeye ni mvuvi ambaye kusi ikivuma sana hatoki baharini.

Semina za maono

Sasa tuzungumzie kujiendeleza kitaaluma, maana hapo pia tunauziwa vitu visivyotufaa.

Semina zipo. Tunaitwa ukumbini, tunapambwa kwa beji, mzungumzaji anatuambia tuwe na maono makubwa, tuamke saa tisa usiku, tujiamini. Tunapiga picha na cheti. Tunarudi nyumbani na maswali yaleyale. Hakuna aliyetufundisha kuandaa jedwali la utahini. Hakuna aliyetuonyesha kifungu cha mkataba kinachomnyang'anya mwandishi hakimiliki yake. Hakuna aliyetueleza kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kazi ya mwandishi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake kuna kitu cha kuwarithisha wajukuu. Mtu akisaini karatasi asiyoielewa kwa malipo ya mara moja, amewatoa wajukuu hao kwenye hesabu bila kujua.

Kujiamka saa tisa usiku tunakujua. Tunaamka kwa ajili ya tahajudi, na kwa ajili ya mtoto mwenye homa. Tunachohitaji ni ujuzi, na ujuzi una gharama yake. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024, kila mwandishi ilimlazimu ajifunze upya: mihutasari mipya, mpangilio mpya wa masomo, namna mpya ya kupima. Mwalimu aliyeajiriwa akienda mafunzoni, mshahara wake unaendelea. Sisi tukijifunza wiki nzima, wiki hiyo jiko linangoja. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu ina vitabu na mihutasari ya kusoma bure, na tunaishukuru, lakini bando la kuifungua si la bure.

Kwa hiyo kujiendeleza nako ni suala la malipo. Bei ya kazi lazima ibebe saa za kuandika na saa za kusoma pia. Fundi seremala anaweka gharama ya kunoa randa ndani ya bei ya kitanda, na hakuna anayemwona mroho.

Tunachotaka

Kwa wanaotupa kazi: andikeni. Kabla ya ukurasa wa kwanza, iwepo karatasi inayotaja kazi ni ipi, kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi, malipo kiasi gani, na tarehe gani. Sehemu ya malipo itangulie. Jina la mwandishi liwekwe kwenye kitabu. Mkikata kodi ya zuio, tupeni cheti chake. Na mkimfanya mtu afanye kazi kwenu peke yenu, kwa saa mnazompangia nyinyi, jueni kwamba kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa wenu hata kama mmemwita wa kujitegemea. Miongoni mwa vigezo vyake ni kufanya kazi kwa mtu kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu, na kumtegemea mtu huyo kiuchumi. Wengi wetu tunazivuka saa hizo.

Kwa waume, mama wakwe na mawifi zetu, kwa heshima zote: mwanamke aliyekaa mbele ya kompyuta nyumbani yuko kazini. Hachezi. Mgeni akija mchana, akaribishwe na aliye huru. Mtoto akilia, baba naye ana mikono. Pesa ya mswada ikiingia, isigawanywe kabla hajainunulia kazi yake mahitaji yake.

Kwa dada zetu waandishi: tusiuane kwa bei. Tukikubali kuandika kwa nusu ya bei ya mwenzetu, mwezi ujao atapatikana wa kuandika kwa robo ya bei yetu. Sisi wa Mtwara tumeanza na mambo matatu. Tumekubaliana kiwango ambacho hakuna atakayeshuka chini yake. Alhamisi asubuhi tunakutana kusomeana miswada na mikataba, anayejua zaidi anamweleza mwenzake, na hakuna beji wala picha. Na kuanzia magharibi ya Alhamisi hadi magharibi ya Ijumaa hatupokei simu ya kazi. Wenzetu Wakristo wameichagua Jumapili yao. Ni saa 24, zilezile ambazo sheria inampa kila mwajiriwa, na ambazo imani zetu zilitufundisha thamani yake kabla ya sheria hiyo kuandikwa.

Wateja wawili wamekasirika na kwenda kutafuta wengine. Tulilitarajia. Mmoja amerudi wiki mbili baadaye na karatasi iliyosainiwa, kwa sababu kazi aliyoipata kwa bei rahisi ilimlazimu airudie yote. Waliobaki wanajadiliana nasi, na mazungumzo yamekuwa ya watu wazima.

Mtu akitaka kutujali, milango yetu iko wazi na chai ya tangawizi ipo. Aje na mkataba mkononi. Liwa tutasaga wenyewe.

Mungu atupe riziki ya halali, na awape wenye madeni yetu moyo wa kuyalipa. Wabillahi tawfiq.